Maisha ya Felix Klein: marafiki wawili waligombana, hesabu zao zikapatana

Tarehe 22 mwezi wa sita mwaka wa 1925, profesa Felix Klein alifariki dunia katika mji wa Göttingen, nchini Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 76. Watu wa wakati wake walimjua kama mjenzi: mtu aliyeufanya mji ule mdogo kuwa makao makuu ya elimu ya hesabu duniani. Lakini wakati anakufa, jambo moja katika kazi yake lilikuwa bado halijaeleweka na mtu yeyote. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1884 kulikuwa na milinganyo michache ambayo yeye aliitumia kwa kazi nyingine kabisa. Milinganyo ile ndiyo orodha kamili ya ncha rahisi zaidi ambazo uso unaweza kuwa nazo. Na orodha ile ilikuja kupatana na orodha iliyotokana na kazi ya rafiki yake wa ujana, Sophus Lie, ambaye waligombana naye mbele ya dunia nzima.

Haya ndiyo maisha ya Klein, na hiyo ndiyo orodha.

Mtoto wa karani

Felix Klein alizaliwa Düsseldorf tarehe 25 mwezi wa nne mwaka wa 1849. Wakati huo Ujerumani ilikuwa haijaungana kuwa nchi moja, na Düsseldorf ilikuwa chini ya ufalme wa Prussia. Baba yake alikuwa karani katika utawala wa serikali hiyo. Klein alipenda kuwaonyesha watu kitu kuhusu tarehe yake ya kuzaliwa: 25 ni 5 mara 5, mwezi wa 4 ni 2 mara 2, na 1849 ni 43 mara 43. Namba zote tatu, 5, 2 na 43, ni namba tasa, zile zisizogawanyika kwa nyingine isipokuwa 1 na zenyewe.

Mwaka wa 1865 aliingia chuo kikuu cha Bonn, akiwa na nia ya kuwa mtaalamu wa fizikia. Alipokuwa na miaka 17 tu, profesa Julius Plücker alimchukua kuwa msaidizi wake. Plücker alikuwa akifundisha fizikia, lakini moyo wake ulikuwa umerudi kwenye jometri, yaani elimu ya maumbo, na kijana akafuata njia ile ile. Mwezi wa tano mwaka wa 1868 Plücker akafa ghafla, akaacha kitabu nusu. Klein, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 20, ndiye aliyekimaliza kitabu cha mwalimu wake. Mwaka huo huo akapata udaktari wake.

Paris, mwaka wa 1870

Mwisho wa mwaka wa 1869 Klein alikuwa Berlin kwa masomo. Huko akakutana na Mnorwe mmoja mrefu, mwenye nguvu, aliyemzidi miaka sita: Sophus Lie. Wote wawili walijiona wageni katika Berlin, kwa sababu walimu wa pale walipenda hesabu kali za herufi, wakati wao walifikiri kwa maumbo. Urafiki ukaanza mara moja.

Mwaka wa 1870, majira ya kuchipua, walikwenda pamoja Paris, wakakaa vyumba vilivyopakana. Mfaransa Camille Jordan alikuwa ametoa kitabu kikubwa juu ya jambo ambalo wakati huo watu wachache walilielewa: makundi.

Kundi, katika lugha ya hesabu, ni mkusanyiko wa matendo ambayo unaweza kuyafuatanisha na kuyarudisha nyuma. Chukua sahani ya mraba, uizungushe robo mzunguko: inaonekana vile vile. Izungushe tena, na tena, na mara ya nne umerudi ulikoanzia. Matendo hayo manne ni kundi. Sahani ya duara ni tofauti: unaweza kuizungusha kidogo, kidogo zaidi, kwa kipimo chochote, na bado inaonekana vile vile. Kundi lake halihesabiki kwa vidole, linatiririka kama maji.

Vijana wale waliona kwamba jambo hili litabadilisha jometri yote. Kadiri miaka ilivyopita, kazi ikagawanyika kati yao kama shamba la ndugu wawili. Klein alichukua makundi yanayokwenda kwa hatua, kama sahani ya mraba. Lie alichukua yale yanayotiririka, kama sahani ya duara.

Lakini Paris haikudumu. Mwezi wa saba mwaka wa 1870 vita ikazuka kati ya Ufaransa na Prussia. Klein, raia wa nchi adui, akakimbilia kwao mara moja. Akatumika katika kazi ya kuhudumia majeruhi, akaugua homa ya matumbo. Lie naye aliamua kwenda Italia kwa miguu. Karibu na Fontainebleau akakamatwa. Maaskari waliona karatasi zake za hesabu zilizoandikwa Kijerumani, wakafikiri ni siri za kijeshi. Alikaa gerezani karibu mwezi mzima, mpaka mtaalamu wa hesabu Gaston Darboux alipokuja kumtetea.

Profesa wa miaka 23

Mwaka wa 1872 Klein alipewa nafasi ya uprofesa katika chuo kikuu cha Erlangen. Alikuwa na miaka 23. Huko alitoa kijitabu ambacho mpaka leo kinajulikana kama Programu ya Erlangen. Wazo lake ni hili: kila aina ya jometri ina kundi lake, na kazi ya jometri hiyo ni kutafuta mambo ambayo hayabadiliki wakati kundi linafanya kazi yake. Lie alikuwa amekuja kumtembelea wakati wazo hilo lilipokuwa likiiva, na walilizungumza pamoja.

Mwaka wa 1875 alihamia Munich, kwenye shule kuu ya ufundi. Mwaka huo huo akamwoa Anne Hegel, mjukuu wa mwanafalsafa maarufu Hegel. Munich ilimpa wanafunzi wengi na wenye akili. Mmoja wao, Max Planck, alikuja kuwa jina kubwa katika fizikia. Munich pia ilimpa mwenzake Alexander Brill. Wawili hao waliwafanya wanafunzi kujenga kwa mikono mifano ya nyuso kwa plasta. Mifano hiyo iliuzwa kwa vyuo vikuu vingi, na mingine ingali katika makabati ya vioo mpaka leo.

Ncha ya karatasi ya karanga

Kwa nini plasta? Kwa sababu Klein alitaka kuona kwa macho mahali ambapo uso unaharibika.

Uso, kwa wataalamu wa hesabu, mara nyingi unatolewa na mlinganyo wenye herufi tatu, x, y na z, kila herufi ikiwakilisha upande mmoja wa nafasi. Mara nyingi uso huo ni laini kila mahali. Mara nyingine una mahali ambapo ulaini unavunjika.

Msomaji anaweza kujionea. Chukua kipande cha karatasi, ukisokote kama mama anayeuza karanga anavyosokota. Sokota cha pili, kisha uvikutanishe, ncha kwa ncha. Ukipitisha kidole, utakuta ulaini kila mahali, isipokuwa pale ncha mbili zinapogusana. Nukta ile moja ndiyo wataalamu wanaiita singularite. Karatasi zetu mbili ni ile rahisi kuliko zote.

Mwaka wa 1873 Klein aliandika juu ya nyuso za daraja la tatu, yaani zile ambazo mlinganyo wao haupiti kuzidisha mara tatu. Mswisi Ludwig Schläfli alikuwa ameshazipanga miaka kumi kabla yake. Klein alileta njia ya kuziona zote zikitoka mahali pamoja. Alianza na uso wenye ncha nne kama zile za karatasi zetu, kisha akabadilisha mlinganyo kidogo tu. Kila ncha ilikuwa na njia mbili: ama karatasi mbili zinaachana, ama zinaungana na kufanya shingo kama ya kibuyu. Kwa kuachanisha hapa na kuunganisha pale, alipata maumbo ya nyuso za aina ile.

Wazo hilo la kuisukuma ncha kidogo na kuangalia inavunjika kuwa nini ndilo lililokuja kutoa maana ya neno rahisi. Singularite inaitwa rahisi kama, ukiisukuma kidogo kwa namna yoyote, inaweza kugeuka kuwa aina chache tu unazoweza kuzihesabu. Zile zisizo rahisi, ukizisukuma, zinatoa aina zisizo na mwisho.

Mpira wa mguu na namba 2, 3 na 5

Orodha yenyewe ilikuja kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1875 na 1876 Klein alijiuliza: kuna makundi mangapi ya hatua zinazohesabika yanayoweza kuzungusha mpira? Jibu ni fupi. Kuna familia mbili ndefu: ya kwanza ni mizunguko ya piramidi yenye pembe nyingi kadiri utakavyo, ya pili ni mizunguko ya sahani yenye pembe nyingi ambayo unaweza pia kuipindua. Baada ya hizo, yanabaki matatu tu. La kwanza lina mizunguko 12, nalo ni la umbo lenye nyuso nne za pembetatu. La pili, la mchemraba, lina mizunguko 24. La tatu ndilo kubwa kuliko yote matatu, lenye mizunguko 60: ni la ikosahedroni, umbo lenye nyuso 20 za pembetatu.

Kila mtu aliyecheza mpira wa miguu ameushika umbo hilo bila kujua. Mpira wa zamani, wenye vipande 12 vyeusi vya pembe tano na vipande 20 vyeupe vya pembe sita, una mizunguko 60 ile ile. Shika kidole katikati ya kipande cheusi: unaweza kuuzungusha mara 5 na kila mara unaonekana vile vile. Katikati ya kipande cheupe: mara 3. Katikati ya mshono unaotenganisha vipande viwili vyeupe: mara 2. Vipande vyeusi ni 12, vyeupe ni 20, na mishono ya namna ile ni 30. Sasa zidisha: 12 mara 5 ni 60. 20 mara 3 ni 60. 30 mara 2 ni 60.

Klein aligeuza jambo hili kuwa hesabu ya herufi. Alitengeneza semi tatu za kihesabu: ya daraja la 12 inayokuwa sifuri kwenye nukta zile 12, ya daraja la 20 kwa nukta zile 20, na ya daraja la 30 kwa nukta zile 30. Hizo tatu hazibadiliki mizunguko inapofanyika. Na kwa kuwa madaraja yake yanakutana kwenye 60, zinafungwa na mlinganyo mmoja. Ukiondoa namba za pembeni, unaandikwa hivi: x² + y³ + z⁵ = 0. Tazama vipeo vyake: 2, 3 na 5, zile zile za mpira.

Alifanya hivyo kwa makundi yote. Kila kundi lilitoa semi tatu na mlinganyo mmoja. Lile la mizunguko 12 lilitoa x² + y³ + z⁴ = 0. La mchemraba lilitoa x² + y³ + yz³ = 0. Familia mbili ndefu zilitoa milinganyo yao, na kwenye mwanzo wa familia ya kwanza zinakaa zile karatasi zetu mbili za karanga.

Klein alikuwa anatafuta nini? Alitaka kutatua mlinganyo wa daraja la tano. Mnorwe mwingine, Niels Henrik Abel, alikuwa ameshaonyesha mwaka wa 1824 kwamba mlinganyo huo kwa jumla hautatuliwi kwa njia za kawaida za vipeuo. Klein alionyesha kwamba ndani yake kumekaa ikosahedroni, na kwamba mtu akishalielewa umbo hilo anaweza kufika kwenye jibu kwa njia nyingine. Hilo ndilo somo la kitabu chake cha 1884. Milinganyo ile mitatu na familia mbili kwake vilikuwa vyombo vya kazi, kama nyundo na msumeno. Hakuitoa kama orodha ya ncha za nyuso.

Mwaka uliomvunja

Kitabu kile kilitoka wakati mwandishi wake alikuwa amekwisha kuumia. Tangu mwaka wa 1880 alikuwa profesa wa jometri huko Leipzig. Mwezi wa sita mwaka wa 1881 alisoma maandishi ya Mfaransa kijana, Henri Poincaré, aliyekuwa akifanya kazi kwenye uwanja ule ule wa makundi, tena kwa kasi ya ajabu. Klein alimwandikia. Barua zikaenda na kurudi kwa miezi mingi, za heshima, lakini ndani yake kulikuwa na mashindano. Walibishana hata juu ya majina: Poincaré alikuwa ameita kazi fulani kwa jina la Mjerumani Lazarus Fuchs, Klein akapinga, na Poincaré akajibu kwa kuzipa kazi nyingine jina la Klein mwenyewe.

Mwezi wa tatu mwaka wa 1882 Klein alikuwa amepumzika kwenye kisiwa cha Norderney, bahari ya kaskazini. Usiku mmoja pumu ilimbana, akashindwa kulala, akakaa kwenye kiti mpaka saa za usiku wa manane. Hapo ndipo akaiona kanuni kubwa aliyokuwa anaitafuta. Aliiandika haraka na kuituma, huku akiwa bado hana uthibitisho kamili.

Hiyo ilikuwa ya mwisho ya aina yake. Baadaye mwaka huo afya yake ikaanguka, na kwa miaka miwili huzuni nzito ilimshika. Alikuwa na miaka 33. Alipopona aliweza kufundisha, kuandika na kuongoza, lakini yeye mwenyewe alikiri kwamba ile nguvu ya kuvumbua ilikuwa imemwacha. Poincaré aliendelea mbele.

Marafiki wanagombana

Mwaka wa 1886 Klein alihamia Göttingen, ambako alibaki mpaka mwisho. Kabla ya kuondoka alihakikisha kiti chake cha Leipzig kinakwenda kwa Sophus Lie. Baadhi ya Wajerumani walinung'unika kwamba nafasi imepewa mgeni. Klein hakujali.

Leipzig haikumwendea vizuri Lie. Alikuwa mbali na kwao, kazi ya kufundisha ilimlemea, na mwaka wa 1889 naye akalazwa kwa ugonjwa wa akili. Alitoka humo akiwa mtu mwenye mashaka juu ya marafiki zake. Klein alipotaka kuchapisha upya Programu ya Erlangen na kueleza jinsi mawazo yale yalivyozaliwa, Lie aliona ananyang'anywa. Mwaka wa 1893, katika dibaji ya juzuu ya tatu ya kitabu chake kikuu, aliandika wazi kwamba yeye si mwanafunzi wa Klein, na akadokeza kwamba kinyume chake kingekuwa karibu zaidi na ukweli. Wataalamu wa Ulaya walishtuka. Urafiki wa miaka zaidi ya ishirini ulikuwa umetupwa barabarani.

Mwaka huo huo wa 1893 Klein alikwenda Marekani kwa ajili ya mkutano wa hesabu wa Chicago. Baada yake alitoa mihadhara huko Evanston. Mihadhara miwili aliitumia kueleza kazi ya Lie. Na mwaka wa 1897, chuo kikuu cha Kazan, nchini Urusi, kilipotafuta mtu wa kupewa kwa mara ya kwanza tuzo ya Lobachevsky, ripoti iliyomtetea Lie iliandikwa na Klein. Lie akaipata. Mwaka uliofuata alirudi kwao Norway, na mwezi wa pili mwaka wa 1899 akafa, akiwa na miaka 56.

Mjenzi wa Göttingen

Klein aliyebaki alikuwa mtu wa kazi za wengine. Mwaka wa 1895 alimleta David Hilbert huko Göttingen, akijua vizuri kwamba anamleta mtu atakayemzidi. Aliendesha jarida kubwa la hesabu la Ujerumani. Mwaka wa 1908, mkutano wa Roma ulipounda tume ya kimataifa ya kuangalia jinsi hesabu inavyofundishwa mashuleni, yeye alichaguliwa kuiongoza.

Alifungua mlango kwa wanawake pia. Mwaka wa 1895 Mwingereza Grace Chisholm alipata udaktari wake Göttingen chini ya Klein, wakati ambapo kwao alikuwa hawezi kupewa shahada. Mwaka wa 1915 Klein na Hilbert walimwita Emmy Noether, wakapigania apewe haki ya kufundisha. Chuo kilikataa mpaka mwaka wa 1919.

Kuna na doa. Mwaka wa 1914, vita kuu ilipoanza, Klein alikuwa mmoja wa wasomi 93 wa Ujerumani waliotia sahihi tangazo la kutetea jeshi lao na matendo yake huko Ubelgiji. Jina lake lilibaki chini ya karatasi ile, na wenzake wa Ufaransa hawakusahau.

Orodha mbili zinakutana

Sasa turudi kwenye orodha. Wakati Klein na Lie walikuwa wanaachana, mtu wa tatu alikuwa akifanya kazi peke yake mbali na wote. Wilhelm Killing alifundisha katika mji mdogo wa Braunsberg, Prussia ya mashariki. Kati ya mwaka wa 1888 na 1890 alipanga makundi ya Lie yaliyo ya msingi, yale yasiyoweza kuvunjwa kuwa madogo zaidi. Mwaka wa 1894 Mfaransa Élie Cartan alisahihisha na kukamilisha kazi hiyo. Ndani ya orodha mna familia ndefu, zilizopewa herufi A, B, C na D, na pembeni mna tano za pekee. Tatu kati ya hizo zinaitwa E6, E7 na E8. Hiyo ya mwisho ina vipimo 248.

Mwaka wa 1934, miaka tisa baada ya kifo cha Klein, Mwingereza Patrick du Val alikuwa anachunguza ncha za nyuso huko Cambridge. Kuna njia ya kuitibu ncha: unaifungua taratibu, na badala ya nukta moja unapata tufe ndogo kadhaa zinazogusana kama shanga kwenye uzi. Du Val alitafuta ncha ambazo haziathiri hesabu muhimu za uso wake. Akapata zile zile za Klein, na hakuna nyingine. Kisha akaangalia shanga zimepangwaje. Kwa familia ya kwanza, zinakaa mstari mmoja. Kwa ya pili, mstari una panda mwishoni. Kwa yale matatu ya pekee, kuna shanga 6, 7 na 8. Kwa ikosahedroni ni shanga saba kwenye mstari, na ya nane inaning'inia kwenye ya tatu. Ukihesabu kutoka kwenye shanga ya njia panda, na kuihesabu yenyewe kila mara, mikono mitatu ina shanga 2, 3 na 5.

Michoro hiyo hiyo ndiyo inayotumika kwa makundi ya Lie ya herufi A, D na E. Orodha ya Killing ina mengine zaidi, lakini kwa herufi hizo tatu, kila ncha ina kundi lake na kila kundi lina ncha yake.

Je, ni bahati tu? Kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna aliyejua. Mwaka wa 1970 mkutano wa kimataifa wa hesabu ulifanyika Nice, Ufaransa. Hapo Egbert Brieskorn, akifuata wazo la Alexander Grothendieck, alieleza kwamba ncha zile zinakaa ndani ya makundi yenyewe: ukikata kundi la Lie mahali panapofaa, kwenye mkato huo unakuta ncha ya Klein. Mwaka wa 1972 Mrusi Vladimir Arnold alipanga singularite zote zilizo rahisi kwa ile maana ya kusukuma kidogo, naye akafika kwenye A, D, E, bila kubaki kitu. Karibu na mwaka wa 1980, John McKay wa Kanada alionyesha kwamba michoro ya shanga inaweza kusomwa moja kwa moja kutoka kwenye makundi ya mizunguko ya Klein.

Leo ncha hizo zinaitwa za du Val, au za Klein, na makundi yale yanaitwa ya Lie. Wawili hao walikuwa wamegawana shamba, mmoja akachukua yanayokwenda kwa hatua, mwingine yanayotiririka, kisha wakagombania nani alianza. Wala mmoja wao hakuishi kuona kwamba mipaka ya mashamba yao ilikuwa imekutana.

Brieskorn alipotoa hotuba ile ya Nice, alikuwa profesa huko Göttingen, kwenye chuo kile kile cha Klein. Ilikuwa mwezi wa tisa mwaka wa 1970, miaka 100 baada ya ile miezi michache ambayo vijana wawili, Mjerumani na Mnorwe, walikaa katika vyumba vilivyopakana nchini Ufaransa, kabla vita haijawatawanya.